Neno "run" la Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Moshi na Arusha

Ukurasa huu ni wa wanaofanya kazi na wageni: waongoza watalii, wapagazi, madereva, wapishi, wahudumu wa loji na watu wa mapokezi. Kila jibu linajitosheleza. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, tumekuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Mambo ya mwanzo

Kwani "run" si kukimbia?

Kukimbia ni maana mojawapo, na kazini si hata ile utakayoisikia mara nyingi. Mgeni anaweza kutamka "run" tangu asubuhi hadi usiku na asikimbie mtu yeyote: maji "run", basi "run", pua "run", hoteli nayo kuna mtu "runs" it. Mswahili hana sababu ya kushangaa. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, na hakuna anayeumia.

Kinachounganisha sehemu kubwa ya maana hizi ni wazo la kitu kinachokwenda mfululizo bila kukatika: maji bombani, injini, barabara, ratiba, biashara. Kwa hiyo ukilisikia, usianze na kukimbia. Anza na "kwenda" au "kuendesha", na mara nyingi utakuwa umekaribia.

Lina maana ngapi hasa?

Kamusi kubwa ya Kiingereza, Oxford English Dictionary, imehesabu maana 645 za "run" kama kitenzi peke yake. Katika toleo la 1989 lililoongoza lilikuwa "set", lenye maana zipatazo 430, kabla "run" halijalipita.

Idadi hiyo isikutishe. Ndani yake zimo maana zilizokwisha kufa, za mabaharia, za mafundi wa viwandani, na tofauti ndogondogo ambazo mzungumzaji wa kawaida hazioni. Zinazokuhusu wewe kati ya geti la Machame na meza ya mapokezi ni chache, na karibu zote zimo hapa.

Nitajuaje ni maana ipi mgeni anaikusudia?

Angalia vitu viwili. Kwanza, ni nani au nini "kinachorun". Mtu mwenye miguu huenda anakimbia kweli. Bomba, barabara, pua au mkataba haviwezi. Pili, sikiliza neno dogo linalofuata: "out", "into", "over", "through", "by". Hilo dogo ndilo linalobeba maana, na ndilo mgeni hulimeza anapoongea haraka. Kama hukulisikia, usikisie. Muulize: "Sorry, run what?" Atarudia kipande chote taratibu, na hataona vibaya.

"Run" au "ran"? Nazichanganya.

Sasa ni "run", jana ni "ran", na baada ya "have" au "has" linarudi kuwa "run". Kwa hiyo "We ran out yesterday", lakini "We have run out". "We have ran out" ni kosa, ingawa hata wenyeji wa lugha hulifanya. Kwenye "running" andika n mbili.

Tatizo kubwa liko kwenye matamshi. Sikio la Kiswahili husikia irabu zote mbili kama "a" moja, na sisi wenyewe tunazitamka zote "ran". Kwenye "run" acha mdomo ulegee na sauti iwe fupi. Kwenye "ran" panua mdomo zaidi, sauti ielekee kidogo kwenye "e". Ukiona bado inakushinda, taja wakati: "yesterday", "this morning", "already". Mgeni atakuelewa hata irabu ikikosea.

## Afya, hasa mlimani

Mgeni akisema "I've got the runs" nifanye nini?

Anaharisha. Katika swali zima la "run", hili ndilo tunalotaka kila mwongoza watalii na kila mpagazi alijue kabla ya mengine yote.

Makosa hutokea hivi. Ni asubuhi kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mgeni anatoka hemani au kibandani na kusema kwa sauti ya chini, kwa aibu, "I've had the runs all night." Anayemsikia anadhani habari ni ya kukimbia, anamjibu kwa tabasamu "No running, pole pole", kisha safari inaanza. Mgeni hatasema mara ya pili. Atatembea huku akipoteza maji mwilini, na kufika mchana atakuwa na kichwa kinachouma na uchovu mkubwa. Dalili hizo zinafanana na za mwanzo za ugonjwa wa mwinuko, kwa hiyo sasa huwezi kujua kwa urahisi unapambana na kipi.

Alama yake ni "the" mbele na "s" nyuma: "the runs". Ukisikia hivyo, mpeleke pembeni na umuulize kwa faragha: "How many times since last night?", yaani mara ngapi tangu jana usiku. Kisha "Any blood?", kama kuna damu. Kisha "Can you keep water down?", kama akinywa maji yanakaa au anatapika. Mwarifu kiongozi wa msafara kabla ya kuondoka kambini. ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ichanganywe kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, usipime kwa jicho. Mpishi naye aambiwe, maana wengine wamekula chungu hichohicho.

Kiswahili chenyewe kina njia hiyohiyo: tunasema tumbo la kuendesha, tumbo linaniendesha. Ukishika hapo, "the runs" hutaisahau.

Je, naweza kusema "running stomach"?

Hapa Afrika Mashariki, ndiyo, kila mtu anaelewa na ndivyo tunavyomwambia daktari. Mgeni kutoka Uingereza au Marekani ataelewa akifikiri kidogo, ila yeye hasemi hivyo. Husema "the runs" akiwa huru na wewe, "an upset stomach" akiwa na haya, na "diarrhoea" akiongea na daktari. Kwenye fomu au ripoti andika "diarrhoea".

"She's running a temperature" na "My nose is running" zina tofauti gani?

Ya kwanza ni homa: joto la mwili limepanda. Wengine husema "running a fever". Chukua kipimajoto, na mwarifu kiongozi. Ya pili ni kamasi tu zinazotoka, jambo la kawaida kwenye baridi na vumbi la mlimani, mpe tishu. Usichanganye: pua inayo-"run" inavumilika, mtu aliye-"running a temperature" anahitaji kuangaliwa.

"I'm feeling run down" je?

Mwili umechoka, hana nguvu, huenda ugonjwa unanyemelea. Hajagongwa na gari, ingawa "run down" inaweza pia kuwa hivyo, na dereva anayesikia "He was run down" aulize zaidi.

Maneno hayahaya hutumika kwa betri iliyoisha chaji: "The battery has run down." Jengo likiitwa "run-down" ni chakavu, na mgeni akiandika hivyo kuhusu loji yenu analalamika. "Rundown" likiwa neno moja ni jambo jingine kabisa: "Give me a rundown of tomorrow" maana yake nieleze kwa ufupi ratiba ya kesho.

## Maji, jikoni na kufua

Nitumie "run out" au "run out of"?

Kiswahili kimekurahisishia. Unaposema *imeisha*, tumia "run out". Unaposema *tumeishiwa*, tumia "run out of". Maji yameisha: "The water has run out." Tumeishiwa maji: "We have run out of water." Kiambishi kile kinachogeuza "isha" kuwa "ishiwa" ndicho "of" inafanya kwa Kiingereza.

Usiseme "We have run out water", maana bila "of" sentensi imekatika. "Water is finished", tuliyoizoea, inaeleweka, lakini mgeni husema "We've run out" au "We're out of water". Kama bado kipo kidogo, sema "We're running low on water" au "running short of water". Hii ya mwisho ni ya thamani sana kwa mpishi wa mlimani: inamwambia kiongozi mapema, wakati bado kuna la kufanya.

Tahadhari moja: "run out on" mtu ni kumtelekeza. "Our driver ran out on us" ni shutuma nzito.

Mgeni anauliza "Is there running water at the camp?" Nimjibu nini?

Anauliza kama kuna maji ya bomba: kunawa, choo cha kuvuta, pengine kuoga. Usijibu "Yes" kwa sababu kuna kijito kinachotiririka karibu, hata kama kwa neno moja moja ungekuwa sahihi.

Jibu kwa hali ya kambi yenyewe. Kwa njia ya Machame, maji ya mwisho kabla ya kilele yako bonde la Karanga, na yanayotumika kambi ya Barafu hubebwa na wapagazi kutoka huko. Hapo sema: "No running water at Barafu. The porters carry water from Karanga, and we boil it for you." Akijua maji yamebebwa kwa mgongo wa mtu, ataacha kuyamwaga ovyo. Kibo Hut nako hakuna chanzo cha maji, kwa hiyo jibu ni lilelile.

Jikoni: "Run it under cold water" ni nini?

Weka chini ya bomba, maji yapite juu yake. Hufanyika kwa mboga, kwa mayai yaliyochemshwa, na zaidi ya yote kwa mkono uliounguzwa na mafuta au mvuke. Kwa kuungua, maji ya baridi ya kawaida yatiririke juu ya jeraha dakika 20, si dakika moja. Usitumie barafu, siagi wala dawa ya meno.

"Run a knife around the edge" ni kupitisha kisu pembeni, kama unapotoa keki kwenye trei. "Run a bath" ni kufungulia maji yajae kwenye bafu la kulala, na anayeagizwa anatakiwa abaki karibu yasifurike.

Dobi: "The colours ran."

Nguo zimechuja na rangi imeingia kwenye nyingine. Ni lalamiko. Mgeni akikuonya mapema, "This might run", tenga hiyo nguo, ifue peke yake kwa maji baridi, na usiirundike ikiwa mbichi pamoja na nyeupe. Fulana nyekundu na kikoi kipya ndivyo vya kutilia shaka kwanza.

## Barabarani na mbugani

"We ran into elephants." Wamewagonga?

Hapana. Wamekutana nao ghafla, bila kutegemea. "Run into" mtu au mnyama kwa kawaida ni kukutana: "I ran into my old teacher in Moshi." "Run into" ukuta, mti au nguzo ni kugonga. "Run into trouble" ni kupatwa na matatizo. "Run across" ni kukuta au kukutana kwa bahati, na haina kugonga ndani yake.

"Run over" ndiyo mbaya: gari limempitia mtu au mnyama juu. Ukitumia kiwakilishi, kinakaa katikati: "ran him over", "ran it over". Kwenye "run into" kinakaa mwisho: "ran into him".

Ushauri wetu kwa madereva ni huu: katika maelezo ya ajali kwa polisi au bima, liache kabisa neno "run". Andika "hit" kwa kugonga na "met" kwa kukutana. Neno moja lenye sura mbili halifai kwenye karatasi itakayosomwa na mtu ambaye hakuwepo.

"Leave the engine running" ina maana niache nini?

Usizime injini. Iache inaunguruma. Madereva wengine husikia "leave" wakadhani wanaambiwa waiache, wakazima. Kinyume chake ni "Switch it off", ambacho mgeni atakuambia mkisimama karibu na simba apate kusikia na kupiga picha isiyotikisika.

"It runs on diesel": linatumia dizeli. "It's running hot": injini inachemka kuliko kawaida, kaangalie rejeta. "Up and running": limepona, linafanya kazi.

"Running late" ni kukimbia kwa kuchelewa?

Ni kuchelewa tu. "I'm running late" aliyoituma mgeni kwa simu haimaanishi yuko njiani anakimbia. Huenda bado yuko chumbani anafunga begi. "The flight is running two hours late": ndege itachelewa saa mbili, usiondoke mapema kwenda KIA. Ukichelewa wewe, "I'm running 20 minutes late, sorry" ni ujumbe kamili wa heshima.

"Does it run on Sundays?"

Anauliza kama chombo kinafanya safari siku hiyo: basi la Dar es Salaam, au shuttle ya Nairobi kupitia Namanga. Jibu "Yes, it runs every day" au "No, not on Sundays". Maana hii hufika hadi kwenye karatasi: "The contract runs until March" ni mkataba unaodumu hadi Machi. Ukisoma hivyo kwenye mkataba wako wa kazi, hiyo ndiyo tarehe yako ya mwisho.

Barabara nayo "runs": "The road from Moshi runs through Boma Ng'ombe and Usa River to Arusha", yaani inapitia huko.

## Mapokezi na baa

"Could you run my card again?"

Pitisha kadi tena kwenye mashine. Kabla ya kuipitisha, soma karatasi iliyotoka. Kama imeandika muamala umekataliwa, rudia. Kama mtandao ulikatika katikati na hakuna jibu, hakikisha kwanza kwenye orodha ya miamala, vinginevyo mgeni atakatwa mara mbili na kurudisha fedha huchukua siku.

"Can I run a tab?" anaomba umwandikie, alipe mwishoni. Andika namba ya chumba na umwombe asaini kila oda. "He ran up a big bill" ni deni lililokua kidogo kidogo hadi likawa kubwa.

"Who runs this place?" Nimtaje mwenye mali au meneja?

Meneja, au yeyote anayesimamia kazi za kila siku. Mwenye mali ni "owner". Mara nyingi anayeuliza ana lalamiko au pongezi, kwa hiyo mpeleke kwa mwenye uwezo wa kuamua.

"Run through", "run by", "run past": zote ni kupita?

"Let's run through the plan" ni kupitia mpango wote mara moja, kama mnavyofanya jioni kabla ya usiku wa kilele. "Run it by me" na "run it past me" ni kitu kimoja: nishirikishe kwanza, nitoe maoni. Bosi akisema "Run it by me before you book", usilipie kabla hajaona. Na "Run that by me again" ni ombi la kurudia maelezo, hakuelewa mara ya kwanza. Kwa "rundown" tazama swali la "run down" huko juu.

## Likiwa jina, na matumizi ya pembeni

"Airport run", "dry run", "in the long run": zinahusu mbio?

Hata moja. "Airport run" ni safari ya kwenda uwanja wa ndege kupeleka au kuchukua watu. "Supply run" ni kwenda mara moja kununua mahitaji na kurudi. "Dry run" ni jaribio kabla ya kazi yenyewe, kwa mfano kusimamisha mahema yote uani Moshi kabla hayajapanda mlimani. "In the long run" ni baada ya muda mrefu. "On the run" ni mtu anayetafutwa na kujificha.

Ya kuangalia ni "three days running": siku tatu mfululizo. Hukaa baada ya idadi. "It rained three days running" mwanafunzi huitafsiri kuwa mvua ilikimbia.

Na kwenye Kilimanjaro Marathon?

Hapo kweli ni kukimbia. "Fun run" ni ile fupi ya kilomita 5, watu wanakwenda kwa kujifurahisha. Lakini "runner-up" si mkimbiaji yeyote. Ni mshindi wa pili, hata katika mashindano ya kuimba. Mkimbiaji ni "runner", na mgahawani "runner" ni anayetoa chakula jikoni kukipeleka mezani.

Wamarekani na Waingereza hulitumia sawa?

Karibu sawa, ila pachache wanaachana. Mmarekani "runs for" ubunge au urais, Mwingereza "stands for". Soksi ndefu ya kike ikifumuka mstari, Mmarekani husema ina "run", Mwingereza "ladder". Na "I'll run you to the airport", yaani nitakupeleka kwa gari, utaisikia zaidi kwa Waingereza, mgeni akikuuliza "Could you run me into town?" anaomba lifti, basi taja bei mapema kama si bure.